Pumzi ya Bonde la Lihuka

Jumanne, tarehe 14 Julai 2071, saa kumi na mbili na dakika ishirini asubuhi. Nyuzi joto moja juu ya sifuri, ukungu mzito, hakuna upepo. Ndivyo nilivyoandika katika taarifa ya ukaguzi nilipolifikia lango la maji la Bonde la Lihuka, mkoani Njombe. Sakitu, ule umande ulioganda, ilikuwa imetanda juu ya vinyungu vyote, kama tunavyoyaita matuta ya bondeni, mpaka kule ambako ukungu ulivimeza.

Nilikuwa sijalikanyaga bonde hilo kwa miaka mingi. Kanuni inataka mkaguzi wa mwisho awe mtu anayeijua lugha ya bonde, ili mkulima asihukumiwe kwa maneno asiyoyaelewa. Ni kanuni njema, ingawa walioitunga hawakufikiri kwamba ingewarudisha wakaguzi wengi nyumbani kwao. Nilikwisha kukagua mabonde ya watu wengine, Makete hadi Mufindi. Lihuka ndilo lililonilea.

Kazi yenyewe ilikuwa nyepesi. Juu ya matuta yalisimikwa makuba ya kioo, kila moja na kifuniko kinachojifunga kila saa, kikatulia kwa dakika chache juu ya mpira wake, kisha kikajifungua. Kikijifunga, hewa inayotoka udongoni hunaswa ndani, na chombo hupima inavyoongezeka. Namba hizo huenda Dodoma, kwenye mtambo tunaouita Mizani. Mwezi wa majaribio ukiisha, Mizani hutoa jibu. Bonde lililo ndani ya kiwango hupewa kibali cha kulimwa miaka kumi mingine. Lililozidi hufungiwa lango lake la maji, mtaro hujaa, bonde hurudi kuwa tope, na lango halifunguliwi tena katika maisha ya wale waliolima. Mkaguzi hufika siku ya mwisho, huhakikisha kwamba makuba yako sawa, kisha huweka kidole gumba kwenye kioo cha simu ya kazi.

Lihuka lilikuwa ndani ya kiwango. Nililisoma jibu hilo kabla sijaondoka mjini, nami sikuona haya kufurahi.

Kisha nikaona nyasi.

Kila kuba lilikuwa limevikwa nyasi, zikafungwa kwa ugwe wa mwanzi, jinsi watu wa kwetu wanavyoifunika miche isiungue kwa sakitu. Kazi ilifanywa kwa unadhifu. Nyasi zilikuwa mbichi, za jana au juzi, maana yake zile za zamani zilikuwa zikibadilishwa. Nikapiga goti kwenye kuba la kwanza. Mashina kadhaa yalikuwa yamejipenyeza kati ya kifuniko na mpira wake, na kifuniko kilikuwa kimekaa upande, kama cha sufuria yenye ugali uliojaa kupita kiasi.

"Kamwene, mwanangu!"

Alikuwa Shangazi Yusta, dada wa marehemu baba yangu, akitokea ukungini na mabuti ya mpira miguuni, blanketi mabegani na birika mkononi. Alikuwa amepungua kimo, lakini mwendo wake ulikuwa uleule wa mtu anayekwenda kumgombeza jirani.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba. Umekonda. Huko serikalini hawapiki?"

"Wanapika. Shangazi, nani ameyafunika haya?"

"Mimi. Na mke wa Gaitani kule ng'ambo. Tunapokezana."

"Tangu lini?"

"Tangu sakitu ilipoanza kuuma. Wale vijana wenu waliokuja kuyapanda walisema tuyatunze kama mali yetu. Sasa mali yangu ipigwe na baridi nami nimelala? Kile kioo kilikuwa kikilia kila alfajiri, krrr, krrr, kama mtu anayesaga meno. Nikasema, masikini, hiki nacho kinasikia baridi."

"Kilikuwa kinajifunga."

"Basi tangu nikivike hakijalia tena." Akamimina chai, akanipa kikombe. "Kunywa. Umekuwa mweupe kama mgonjwa."

Hakikulia kwa sababu hakikujifunga. Mwezi mzima, pumzi ya bonde ilikuwa ikipita kwenye mwanya wenye unene wa mashina machache ya nyasi, na chombo, kikikuta hewa ileile ya nje, kikasoma utulivu. Mizani, iliyo mbali na isiyojua sakitu wala miche, ilisadiki. Pengine hakuna watu wengine duniani ambao wangekosea hivi. Wa pwani wangeviacha vioo wazi, na wenye hila wangevivunja. Wa kwetu walivifunika visipate baridi.

Sikumwambia. Nilikunywa chai yake, nikamfuata kuelekea nyumbani.

*

Njia inavuka mtaro mkuu mahali penye bomba la zege. Nilipokuwa mtoto bomba hilo lilikuwa limezama ardhini, nasi tulilikanyaga bila kuliona. Asubuhi hiyo lilikuwa usawa wa kifua changu, likining'inia juu ya nguzo zake, na chini yake pamewekwa ngazi ya miti.

Shangazi aliona ninavyolitazama. "Bonde limezama," akasema. "Kila mwaka kidogo. Hata kuku wanaona."

Sikumsahihisha, ingawa bonde halikuzama. Lilipaa. Udongo wa Lihuka ni mafunjo na nyasi zilizokufa ndani ya maji kwa maelfu ya miaka na zikakosa hewa ya kuozea, tabaka juu ya tabaka, nyeusi na laini kama masizi yaliyoloa. Maji yakiondolewa, hewa huingia, na kilichongoja muda wote huo huanza kuoza kwa pamoja. Huondoka kikiwa gesijoto, hakionekani wala hakinuki, na ardhi hushuka kuifuata nafasi iliyoachwa. Kimo chote kile kati ya mguu wangu wa utotoni na kifua changu cha utu uzima kilikuwa kimekwenda mawinguni.

Nami najua kilikwenda kulipia nini.

Mwaka aliofariki baba yangu, sehemu yetu ya bonde ilikuwa bado tope. Mama alikuwa na mahindi ya mlimani yasiyofika Pasaka, na mimi nilikuwa nimechaguliwa kwenda Lwangilo, shule ya bweni ya wavulana. Watu wa Lihuka hawakuchanga fedha, kwa kuwa hawakuwa nazo. Waliitana mgowe. Kwa asiyejua, mgowe ni kazi ya pamoja: wanakuja na majembe yao, wanalima shambani kwako, unawapa chakula na komoni, pombe yetu ya kienyeji, nawe siku ukiitwa unakwenda bila kuuliza ni kazi gani. Walikuja wote. Walichimba mtaro mkuu wakiwa ndani ya maji mpaka mapajani, wanawake wakitupa tope ukingoni, wanaume wakitukanana kwa furaha, na harufu ya ule udongo mweusi uliofunuliwa kwa mara ya kwanza ilikaa katika nguo zetu juma zima. Siku maji yalipoanza kukimbia, mama yangu alipiga kigelegele kimoja tu, akakatisha, akaketi chini.

Viazi vya kwanza vilikuwa vikubwa kama vichwa vya watoto. Magunia yalipangwa kando ya barabara, na juu yake niliketi mimi na tranka langu la bati, jina langu likiwa limeandikwa kwa rangi nyeupe.

Nayakumbuka ya Lwangilo kuliko ninavyoikumbuka juzi. Kengele ya chuma cha reli. Mchakamchaka gizani, pumzi zetu zikitoka kama moshi. Maji ya kuoga yaliyokuwa yakigandisha meno. Bwalo lenye harufu ya maharage na sabuni ya mche. Na ilikuwapo desturi moja ambayo sijaisikia katika shule nyingine yoyote: mwanafunzi aliyegundua kwamba mwalimu amekosea kujumlisha na kumzidishia alama, alisimama paredi, mbele ya shule nzima, akazirudisha. Hakuna aliyelazimishwa. Lakini aliyezificha, ikajulikana, hakusalimiwa bwaloni mpaka muhula uishe. Tulikuwa wavulana wenye njaa, wanaopenda kila kitu cha bure isipokuwa hicho. Najivunia shule ile, na sitaomba radhi kwa kujivunia.

*

Mwenyekiti wa kijiji, Gaitani Ngailo, alitukuta jikoni tukimenya viazi vya kuchemsha. Tulikuwa rika moja, alibaki nilipoondoka.

"Mheshimiwa Mkaguzi!" alisema, akainama mno kwa makusudi. "Nilidhani utakuja na helikopta. Kumbe una matope kama sisi."

"Karibu kiazi, Gaitani."

"Kiazi ni changu, bwana, nimekilima mimi. Lete habari. Tumepasi?"

Shangazi alinitazama. Nikaweka kiazi chini, nikawaeleza yote: nyasi, kifuniko, mwanya, namba. Nilieleza polepole kwa lugha ya nyumbani, kama kanuni inavyotaka.

"Kwa hiyo," Gaitani akasema, "hakuna aliyedanganya."

"Hakuna."

"Wala aliyevunja sheria."

"Wala huyo."

"Basi tumepasi! Mtambo wenyewe umesema. Wewe umeletwa kuukagua mtambo au kutukagua sisi mioyo?"

"Nimeletwa kusema kama makuba yako sawa. Hayako sawa."

"Yako sawa sana," alisema Shangazi. "Hakuna hata moja lililopasuka."

Gaitani akacheka, kisha akaona kwamba mimi sicheki. "Amoni. Utaweka kidole saa ngapi?"

"Mwisho ni adhuhuri."

"Na usipoweka?"

"Ili nibatilishe, Mizani hutaka kwanza saa chache za kifuniko kilichokaa vizuri, kisha huusahihisha mwezi mzima. Nimelitembea bonde, Gaitani. Bomba lile liko usawa wa kifua changu. Hatumo ndani ya kiwango, na wewe unajua."

Hakukana. Alichukua kiazi, akakigeuza mkononi. "Nani atajua?"

Hilo ndilo swali, na lilistahili jibu la kweli. "Setilaiti hupima hewa ya nchi nzima kutoka juu," nikasema. "Kinachoonekana juu na hakikuonekana ndani ya makuba hakipotei. Hugawiwa mabonde ambayo bado hayajasimikwa makuba. Pumzi yetu ikifichwa na nyasi, kuna bonde huko Kigoma au Kagera litakaloandikiwa. Litafungiwa lango kwa ajili ya viazi vyetu, na watu wake hawatajua kwa nini."

Gaitani akakirudisha kiazi sahanini. Shangazi akanigeukia.

"Hao wa Kigoma," akasema, "walikuja kuchimba mtaro wako?"

"Hapana, Shangazi."

"Walisimama majini na mimba? Maana mimi nilisimama, nina mimba ya Sekela."

"Hapana."

"Nani walikuja?"

"Ninyi."

"Sema vizuri, nimeanza kuwa kiziwi."

"Mlikuja ninyi, Shangazi. Lihuka nzima."

Akafuta mikono kwenye kanga, taratibu. "Mama yako amekufa hajaturudishia mgowe ule. Alikuwa mgonjwa, hatukumdai. Siku ya kumzika nilisimama mbele ya watu nikasema deni hili ni la Amoni, atakuja. Hukuja. Ukatuma pesa kwa simu, nikazirudisha, kwa sababu mgowe haulipwi kwa simu. Nimekaa nalo miaka yote hii, sikukusumbua. Leo nakudai, mwanangu. Sidai jembe. Nadai kidole."

Nimewahi kuulizwa maswali magumu na watu wenye vyeo. Sijawahi kudaiwa hivyo. Mwanamke yule alikuwa na haki. Kila neno langu la kitaalamu, kila koti, kila safari, ilichimbwa kutoka katika ule mtaro, na sasa alitaka kitu kisicho na uzito hata wa gramu moja: nikibonyeze kioo, nyumba ile iendelee kuwa nyumba. Nilimpenda. Nilifikiri pia juu ya mwanamke mwingine wa umri wake, mahali nisipopajua, ambaye hajawahi kunipa chai.

"Shangazi," nikasema, "kidole hiki si mali yangu nikugawie. Nimewafungia watu malango kwa kidole hikihiki. Wengi walilia. Mzee mmoja alilala mbele ya lango. Niliwaambia namba ni namba. Nikiwafungia wao na kuwafungulia nyumbani kwetu, basi wote wale niliwaonea."

"Sisi si wote wale. Sisi ni sisi."

"Najua."

"Tulikusomesha uje utusaidie."

"Najua, Shangazi."

"Hujui lolote," akasema, akageuka kuchochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa.

*

Niliyavua makuba nyasi mimi mwenyewe. Sikumwita mtu, na hakuna aliyekuja. Nilikata ugwe mmoja baada ya mwingine, nikapangusa kila mpira kwa kitambaa, na nyasi nikazilaza kando ya matuta, kwa kuwa sikuona sababu ya kuzitupa. Jua lilikuwa limepasua ukungu, sakitu ikigeuka maji. Watu walisimama ukingoni wakinitazama. Kila saa ilipotimia vifuniko vilijifunga vikisaga, krrr, krrr, bonde zima, na mbwa wa Gaitani akavibwekea.

Namba zilipanda. Zikafika kiwango, zikakivuka, zikaendelea mpaka karibu mara tatu yake.

Nilisimama pale ambapo, nadhani, ndipo mama yangu alipoketi siku maji yalipokimbia. Sina hakika, ardhi ile aliyoikalia haipo tena. Simu ya kazi ikauliza swali lake la kawaida: thibitisha au batilisha. Nilibatilisha. Mizani ilishukuru kwa uaminifu, neno ambalo hulitumia kwa kila mkaguzi, kisha kutoka upande wa chini wa bonde nikasikia lango likishuka katika reli zake na kugota.

Hakuna aliyepiga kelele. Ningependa wangepiga.

*

Sheria huruhusu maji yapande polepole hadi Jumapili, ili watu wavune. Viazi vilikuwa bado vichanga, na maboga hayajakomaa. Nilistahili kuondoka jioni ileile. Taarifa yangu ilikuwa imekamilika. Nilikuwa nikifunga begi nyumbani kwa Gaitani, ambaye alinipa chumba cha kubadilishia nguo bila kuniambia neno, Shangazi aliposimama mlangoni na jembe begani. Hakuingia.

"Kesho kwangu kuna mgowe," akasema.

Anayeitwa haulizi ni kazi gani. "Nitakuja," nikasema.

Akaliegemeza jembe ukutani, akaondoka.

Nilivua viatu vya kazi nikaazima mabuti. Tulianza na shamba lake, kisha tukahamia la jirani, kwa kuwa maji hayakuwa na subira na mgowe ulienea bonde zima. Matuta yalikuwa yamelowa mpaka kiunoni. Ukipiga jembe, tope lililiramba na kulishikilia. Viazi vilitoka vidogo, vya ukubwa wa mayai ya kuku, ngozi ikichubuka kwa kidole. Harufu ya udongo ule mweusi ilirudi yote, kama ilivyokuwa nikiwa na kaptura, na kwa muda ambao siwezi kuueleza nilikuwa na furaha nisiyokuwa na haki nayo.

Siku ya kwanza hakuna aliyenisemesha. Siku ya pili mke wa Gaitani, mama mnene mwenye sauti ya kanisani, alinyanyua kiazi kimoja juu. "Mkaguzi! Hebu kipime hiki. Naona kinapumua sana."

Watu wakacheka. Nami nikakipokea, nikakiweka sikioni kwa makini, nikasema kiko ndani ya kiwango. Wakacheka zaidi, isipokuwa Shangazi, aliyekuwa mbele yetu akichimba bila kugeuka. Viganja vyangu vilikuwa vimetoka malengelenge na malengelenge yamepasuka. Gaitani alinitupia kipande cha kanga nivifunge.

"Serikali imekulainisha," akasema.

"Ilinichukua mapema."

"Tulikutoa sisi," akajibu, bila hasira, akarudi kwenye tuta lake.

Jumamosi alasiri tulichimba tuta la mwisho tukilitafuta kwa miguu, kwa kuwa halikuonekana tena. Maji yalikuwa baridi na yenye rangi ya chai. Vyura, ambao sikuwasikia tena Lihuka tangu mtaro ulipochimbwa, walikuwa wamekwisha kujileta. Wametoka wapi, hakuna aliyejua. Magunia yalipandishwa mlimani. Watu waliketi ukingoni kwenye nyasi, na Shangazi akaleta komoni ya moto katika ndoo, na kikombe kimoja, kama ilivyo desturi. Mwenye mgowe huzunguka mwenyewe.

Alizunguka. Kila mmoja alikunywa, akafuta mdomo, akarudisha kikombe. Alipofika kwangu alikijaza, akanipa, akasubiri nimalize. Kisha akageuka kuwakabili watu wote, akasema kwa sauti ileile aliyoitumia, naamini, siku ya kumzika mama yangu:

"Mgowe wa Amoni umelipwa. Nyumba yake haidaiwi tena Lihuka."

"Umelipwa," watu wakaitikia.

Niliinuka. "Shangazi, umenisamehe?"

Alinitazama, mwanamke aliyesimama majini kwa ajili yangu mara mbili.

"Sijakusamehe," akasema. "Nimesema umelipa."

Akachukua kikombe mkononi mwangu, akaenda kwa mtu aliyefuata.